Muziki uliotoka shimoni

UKURASA WA JAMAA NA MUZIKI

Mwezi huu ukurasa wetu unaongea juu ya fanfari za vijana, na zaidi juu ya konseri moja ya namna ya pekee ambayo parokia au shule inaweza kuitayarisha: konseri ya muziki ya Waingereza, Waskoti, Wairlandi na Wawelisi, ikipigwa na wanafunzi wa Butembo na Beni.

Swali limekwisha kukutoka mdomoni, siyo? «Muziki ya watu wa mbali vile, inatuhusu nini siye? Watu wanakimbia vita, minervali ya watoto haijalipwa, na nyinyi mnatuletea trompeti za Wazungu!» Swali lako ni la haki. Lishike mkononi, usiliweke chini. Tutembee pamoja pole pole, kisha utaona mwenyewe kama liko na jibu.

WACHIMBAJI WENYE BARAGUMU

Jambo la kwanza: fanfari za Uingereza hazikuzaliwa katika nyumba za wafalme. Nyingi zilizaliwa kwenye viwanda vya nguo na kwenye migodi ya makaa ya mawe, katika miaka ya 1800. Watu waliokuwa wakishuka shimoni asubuhi, wakitoka jioni na uso mweusi wa vumbi, walinawa, wakala, kisha wakaenda kurudilia nyimbo. Wachimbaji wenyewe walikubali kukatwa sehemu ndogo ya mshahara wao kila juma ili fanfari yao iishi. Feza kidogo ya kila mtu ilinunua tuba, na tuba ile ilikuwa ya kijiji kizima.

Na vyombo vyenyewe? Hapa kuna jambo ambalo Mkongomani atalisikia kwa masikio mawili. Ukoo mkubwa wa baragumu zile ulitengenezwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, aliyezaliwa katika mji wa Dinant mwaka 1814. Ndiye yule aliyetupatia saksofoni, ambayo aliiandikishia haki mwaka 1846. Mbelgiji alitengeneza, Mwingereza akachukua, mchimbaji akapiga. Chombo hakina kabila. Kinamtii yule anayekipatia pumzi na wakati.

Katika kijiji cha Grimethorpe, kule Uingereza ya Kaskazini, wachimbaji walianzisha fanfari yao mwaka 1917. Miaka ikapita. Oktoba 1992 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itafunga migodi 31, na ule wa Grimethorpe ulikuwa ndani ya hesabu. Fikiria kijiji ambacho kila jamaa inakula kwa shimo moja, na siku moja wanaambiwa: shimo linafungwa. Siku chache tu nyuma ya habari ile mbaya, fanfari ya Grimethorpe ilipanda kwenye jukwaa mjini London, katika mashindano ya taifa zima, ikashinda. Mwaka 1993 mgodi ukafungwa kweli. Lakini fanfari haikufungwa. Ingali inapiga mpaka leo.

Wewe unayekaa Manguredjipa, au pembeni ya shimo lingine lolote, lisome tena neno hili: mgodi ulikufa, fanfari ikabaki. Zahabu inaisha. Kile ambacho mtoto amejifunza kwa mikono yake na kwa kichwa chake, hakiishi namna ile.

NYIMBO NNE ZA KUWEKA MU KONSERI

Ukitaka konseri isiyochosha watu, usiweke nyimbo ishirini. Hizi nne zinaweza kuwa nguzo za nyumba, na zingine mtaongeza ninyi wenyewe.

1. Cwm Rhondda. Huu ni wimbo wa kanisa wa Wawelisi. Jina hilo ni la bonde la makaa katika nchi ya Wales. Aliyetunga sauti yake, John Hughes, aliingia kazi ya mgodi akiwa na miaka 12 tu. Baadaye akawa karani wa kampani ya makaa. Mwaka 1907 kanisa dogo la pale karibu na mji wa Pontypridd lilikuwa likifungua kinanda chake kipya, naye akawatungia sauti hiyo. Leo inaimbwa duniani pote, kanisani na hata kwenye viwanja vya mpira. Ni wimbo wa kutembea: basi zinapanda ngazi kwa ngazi, na mwishoni watu wote wanasimama. Ufungue konseri kwa huo.

2. Slane. Ni sauti ya watu wa zamani wa Irlandi, iliyochapwa kitabuni mwaka 1909, na mwaka 1919 ikaunganishwa na maneno ya sala. Slane ni jina la kilima. Mapokeo ya Wairlandi yanasema kwamba juu ya kilima hicho Mtakatifu Patrisi aliwasha moto wa Pasaka, mbele ya mfalme ambaye alikuwa amekataza moto wowote usiku ule. Upigwe taratibu, na korneti moja au klarineti moja ianze peke yake.

3. Gresford. Juu ya huu tutasema zaidi kule chini, maana ndio moyo wa konseri.

4. Auld Lang Syne. Usiogope jina, wimbo wenyewe unaujua. Kama umepata kuwa skauti, au umemaliza kambi ya vijana, mmeshikana mikono kwa kuagana, pengine machozi kidogo: ndio ule, «Ce n'est qu'un au revoir». Wengi wanafikiri ni wimbo wa Wafaransa. Hapana. Sauti yake ni ya Waskoti, na maneno ya Kiskoti tunayoyajua yaliandikwa na Robert Burns mwaka 1788. Padiri Jacques Sevin, Mjezwiti, mmoja wa waliouanzisha uskauti katika Ufaransa, ndiye aliyeandika yale ya Kifaransa mwaka 1920. Ona basi: watoto wetu walikuwa wakiimba muziki ya Kikelti tangu zamani, pasipo kujua.

«Kikelti» ni nini? Ni jina la ukoo wa watu wa kandokando ya bahari ile: Wairlandi, Waskoti wa milimani, Wawelisi, na Wabretoni wa Ufaransa. Wako na lugha zao za kale, zisizokuwa Kiingereza wala Kifaransa. Katika miaka ya 1800, mtoto wa Wales aliyesema lugha ya mama yake shuleni aliweza kuvalishwa kipande cha mbao shingoni, na aliyebaki nacho mwisho wa siku akapigwa. Wazee wetu waliosoma zamani watacheka hapa, lakini ni kicheko kichungu: nao wanakumbuka adhabu ya kusema Kinande au Kiswahili mu masomo. Wawelisi walishika lugha yao kwa mikono miwili, ndani ya nyimbo za kanisa. Sisi tunaweka nini ndani ya nyimbo zetu?

BENI: SIYO MJI, NI NGOMA

Wengine watasema: «Mwafrika kupiga fanfari ya Kiskoti, hilo ni jambo la kuiga la siku hizi.» Siyo la siku hizi hata kidogo.

Tangu miaka ya 1890, kule pwani ya Kenya, Waswahili wa Lamu na Mombasa walikuwa na ngoma iliyoitwa beni. Jina hilo haliko na undugu na mji wetu wa Beni. Lilitoka katika neno la Kiingereza la fanfari, nao wakaligeuza liingie mdomoni vizuri. Vijana walitazama bendi za wanajeshi Waingereza, wakachukua baragumu, ngoma kubwa, mwendo wa paredi na vyeo vya kijeshi, wakafanya ngoma yao wenyewe kwa Kiswahili. Mombasa kulikuwa na vyama vilivyopingana. Kimoja kiliitwa Kingi, kingine Scotchi, na hao wa Scotchi walijivalisha kama askari Waskoti, na sketi zao za kiume!

Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, askari na wapagazi waliisambaza beni mbali, mpaka kwenye migodi ya shaba ya Katanga na ya nchi inayoitwa leo Zambia. Tena ni wachimbaji. Mtu aliyetoka kijijini mwake, akilala kambini na watu wa makabila kumi, alipata katika beni ndugu wa kumzika akifa na wa kumsaidia akiugua.

Lakini beni ilitufundisha pia jambo la kuogopa. Mashindano ya vyama yaligeuka pengine kuwa ugomvi, na watu wakala mali yao kwa karamu na mavazi ili kuwashinda wenzao. Ninyi wa parokia mbalimbali, na ninyi wa Beni na wa Butembo, mnaopenda kushindana: mshindane katika kupiga vizuri. Uniforme mpya haitapiga noti hata moja.

«PAPA, NATAKA KUINGIA MU FANFARI»

Sasa tuje nyumbani kwako. Kijana anamwambia baba yake:

— Papa, nataka kuingia mu fanfari ya parokia.

— Fanfari italeta ugali? Mwenzako wa darasa alienda ku shimo, amerudi na pikipiki.

Papa, tunaelewa uchungu wako. Unaona njaa ya leo. Lakini hesabu pamoja nasi. Kwa yule mmoja aliyerudi na pikipiki, ni wangapi waliorudi na deni la PDG wa shimo? Ni wangapi ambao udongo uliwafunika? Na sheria ya Kongo iko wazi: mtoto ambaye hajafikisha miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mu migodi. Kumpeleka kule siyo tu hatari, ni kosa.

Halafu kuna jambo la mapafu. Vumbi la mawe linaingia kifuani pole pole, halitoki. Kati ya wachimbaji wa Uingereza walikuwako wapiga korneti hodari ambao mwishoni hawakuweza kumaliza hata mstari mmoja, kwa sababu vumbi lilikuwa limekula pumzi yao. Pumzi ile ambayo Mungu alimpulizia mwanadamu, je, mwanao ataitumia kwa kazi gani?

Hatusemi kwamba trompeti itamlipa mshahara. Tunasema hivi: mtoto anayerudilia mara tatu kwa juma anajifunza kufika kwa saa, kusikiliza mwenzake, kungojea zamu yake, na kuanza tena alipokosea. Mwalimu yeyote wa hesabu atakuambia kwamba mambo hayo manne ndiyo yanayokosa darasani.

Na mifano iko karibu. Kampala, kule ambako wafanyabiashara wa Butembo wanakwenda kutafuta mali, vijana waliokuwa wakilala barabarani walianzisha mwaka 1996 kundi la fanfari liitwalo M-Lisada. Baragumu ziliwaondoa barabarani, kundi likawa makao ya watoto wengine. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkestra ya simfoni na Wakimbangisti wenzake. Alikuwa rubani wa ndege aliyepoteza kazi. Vyombo vilikuwa vichache, watu wakapokezana. Kamba ya violini ikikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2014 orkestra hiyo ilisafiri mpaka Uingereza kupiga mbele ya wenyeji. Usiseme basi kwamba ni mpaka mzungu alete kila kitu.

NAMNA YA KUANZA

Fanfari kamili ya Kiingereza iko na watu kama 25 wa baragumu, pamoja na wapiga ngoma. Msiogope hesabu hiyo. Wimbo wa kanisa uko na sauti nne: soprano, alto, tenori, basi. Watoto wanane, wawili kwa kila sauti, wanatosha kuanza Cwm Rhondda. Wanakwaya wanaosoma herufi za solfa, kama d, r, m, wamekwisha kupata nusu ya njia: mtindo ule ulisambazwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, tangu miaka ya 1840, na ndio uliowafundisha kuimba wachimbaji wengi wa Wales ambao hawakuwa na kinanda nyumbani.

Kuna tena akili nzuri katika mtindo wa Waingereza. Karibu vyombo vyote vya fanfari yao vinasomwa kwa ufunguo mmoja, na vingi viko na pistoni tatu zinazobonyezwa namna moja. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza korneti anaweza kuhamia alto, bariton au tuba pasipo kuanza alfabeti mpya. Mmoja akiugua au akihama, mwenzake anajaza nafasi yake. Kwa nchi kama yetu, ambapo jamaa zinahama usiku mmoja, akili hiyo ni mali.

Mambo madogo ya kushika:

— Kila mtoto awe na mdomo wake wa baragumu, hata kama chombo ni cha watatu. Uoshwe kwa sabuni na maji mbele ya kupiga na nyuma. Siye tuliopita katika Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, hatuna haja ya kufundishwa mara mbili.

— Wasichana waingie sawasawa na wavulana. Tuba haiulizi kama wewe ni binti.

— Konseri ianze saa nane mchana, imalizike mbele ya saa kumi. Mzazi asihangaike juu ya mtoto wake njiani giza likiingia.

— Badala ya tiketi, kila jamaa ilete kipimo cha maharagwe au cha unga kwa jamaa zilizokimbia vita. Muziki ikiwa na sahani mkononi, hakuna atakayeuliza inafaa nini.

— Muweke katikati ya konseri wimbo mmoja au miwili ya kwetu. Tafuteni wazee wanaojua endara, ile marimba kubwa ya magogo ambayo watu wengi wanaipiga pamoja, kwetu na kwa ndugu zetu Wakonjo ng'ambo ya Ruwenzori. Basi za tuba zikiikuta endara, mtaona wenyewe.

JIBU LA SWALI

Tulisema tutarudi kwenye Gresford. Gresford ni jina la mgodi wa makaa katika Wales ya Kaskazini. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1934, moto ulilipuka chini ya ardhi. Watu 266 walikufa. Miili 11 tu ndiyo iliyotolewa. Wengine wote, shimo lilifungwa juu yao, wakabaki kule kule. Wake zao na watoto wao hawakupata hata kaburi la kuweka maua.

Mchimbaji mmoja wa Durham, Robert Saint, aliyekuwa pia mwanamuziki, alitunga wimbo kwa ajili yao. Hakuweka maneno. Ni fanfari tu, sauti za chini, taratibu, kama watu wanaobeba mzigo mzito na hawataki kuuangusha. Mwaka 1938 ulipigwa katika mkutano mkubwa wa wachimbaji wa Durham, na tangu siku zile ndio wimbo wa huzuni wa wachimbaji wa kule. Migodi ya Durham imefungwa yote, lakini kila mwaka watu bado wanakusanyika, wanavua kofia, fanfari inapiga, hakuna anayesema.

Sasa lifungue swali lako: inatuhusu nini? Ndugu msomaji, tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu ambao hesabu yao inachosha ulimi. Wako waliozikwa pamoja katika kaburi moja. Wako ambao hawakuonekana. Mu mashimo ya zahabu nako wako waliobaki chini, na jamaa zao zingali zinatazama mlango. Tumeimba, tumesali, tumelia, na maneno yametuishia. Hapo ndipo wimbo usio na maneno unapofika. Mnande anaweza kuuingia, na Mbuba, na Mpere, na mgeni aliyekimbilia kwetu; hakuna lugha inayomfungia mtu mlango. Mchimbaji wa mbali alilia shida yake vizuri sana, mpaka kilio chake kikatosha kwa watu wengine.

Kwa hiyo konseri ikifika kwenye Gresford, msipige makofi. Wote wasimame. Vijana wapige, na kila mtu ataje moyoni jina la mtu wake. Zaburi ya mwisho kabisa katika Kitabu inaita vyombo vyote kumsifu Mungu, na inafunga kwa kuita kila kilicho na pumzi. Baragumu ni chuma tupu. Pumzi ni ya mtoto wako.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani anajua wimbo wa zamani ambao watoto hawajaujua bado? Lini atawafundisha?

2. Wazazi: mtoto akiomba wakati kwa ajili ya muziki, tunamjibu kwa hofu au kwa hesabu?

3. Vijana: zahabu ya shimo letu ikiisha kesho, nitabaki na nini mkononi?

4. Je, tuko na marehemu ambaye hatujapata kumlilia vizuri? Tunaweza kumkumbuka namna gani pamoja na jirani?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.